Vidole vya Panda-Shuka

Kwa miaka kumi na tisa fundi mmoja alihudumia lifti za majengo kumi na manne mjini, na ndani ya kila lifti, juu ya vitufe, alibandika karatasi yenye namba yake ya simu: "Ukikwama, piga hapa." Watu walikwama, wakapiga, akaja. Wapangaji walimpachika jina la Panda-Shuka. Mkewe alisema jina lilimfaa hata bila lifti. "Hasira zako kupanda ni mara moja," alimwambia, "kushuka ndiyo kazi."

Kampuni ya simu ilipotangaza kwamba kila mteja ahakiki laini yake kwa alama za vidole, Panda-Shuka alikwenda mapema. Akaweka kidole gumba kwenye mashine. Ikawaka nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Vyote kumi vilikataliwa. Nyaya za chuma zilikuwa zimesugua ncha za vidole vyake mpaka hapakubaki mstari hata mmoja.

"Nenda kaoshe mikono, baba," mhudumu wa kaunta alimwambia.

"Nimeosha."

"Kaoshe tena. Kwa sabuni."

Watu kwenye foleni wakacheka. Alikwenda bombani, akarudi, mashine ikakataa. Kesho yake akaambiwa apake mafuta vidoleni. Kesho kutwa akaambiwa ajaribu tawi jingine, na huko wakamrudisha alikotoka. Walimpiga danadana wiki tatu nzima, siku ya mwisho ikapita, laini ikafungwa. Kununua nyingine nako kulitaka vidole vilevile.

Siku nne baadaye, fundi akiwa amesimama tena kwenye foleni ileile, bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja, mgonjwa wa kisukari, aliingia kwenye lifti ya jengo analoishi. Alikuwa ametoka kuchukua dawa. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, taa ikazimika. Mwalimu akamulika ile karatasi kwa simu yake na kupiga. Akajibiwa kwamba namba hiyo haitumiki. Akapiga tena na tena, mpaka simu ikaisha chaji. Akagonga mlango kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka. Zilipita saa mbili na nusu ndipo mlinzi akasikia, akakimbia nyumbani kwa fundi.

"Nenda duka la simu," mke wa fundi alimwambia. "Siku hizi anashinda huko."

Panda-Shuka aliufungua mlango wa lifti kwa dakika sita. Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, jasho limemlowesha, midomo inamtetemeka. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno; wakamnywesha maji ya sukari. Alipopata sauti alisema neno moja tu: "Mwanangu, nimekupigia mara tisa."

Fundi alirudi dukani na grisi mpaka kwenye viwiko. Safari hii hakupanga foleni. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta nyeupe.

"Vidole hivi vimemtoa mama wa watu kwenye sanduku la chuma sasa hivi," alisema. "Nyinyi mnasema si vyangu. Ni vya nani?"

Meneja akatoka ofisini na kumwomba apunguze sauti. Si yeye aliyefunga laini, alisema, ni mfumo.

"Huyo mfumo anakaa dirisha gani? Niitie niongee naye."

Walinzi wakamshika huku na huku, wakamtoa nje kama mwizi wa kuku.

Jioni alikwenda kumjulia hali mwalimu, akamwambia kwamba kesho angerudi kule na spana.

"Hasira za mkizi furaha ya mvuvi," mwalimu alimjibu. "Ukivunja kioo, watakushtaki kwa kioo, laini yako itasahaulika. Lete karatasi." Naye alikuwa amekasirika, ila hasira yake ilikuwa imekwenda shule. Waliandika yote: tarehe, matawi, kila jibu alilopewa, na zile simu tisa. Wakaipeleka barua kwenye dawati la malalamiko la mamlaka ya mawasiliano.

Kampuni ilipewa siku thelathini za kujibu. Haikujibu. Siku ya thelathini na moja wawili hao walikuwa mlangoni kabla ofisi haijafunguliwa. Afisa akashusha jalada la kanuni, akawasomea: mteja ambaye alama zake hazisomeki ahakikiwe kwa kitambulisho na picha, wala asifungiwe laini.

"Kanuni hiyo imetoka lini?" mwalimu akauliza.

"Ina miaka minne."

Panda-Shuka akasema, polepole, "Miaka minne iko kabatini, na mimi naambiwa nikaoshe mikono." Afisa akaandika barua ya kuitaka kampuni ifungue laini.

Laini ilifunguliwa wiki hiyohiyo. Lakini majengo mawili yalikuwa yameshatafuta fundi mwingine, na hayakumrudia. Baada ya miezi mitano ya barua za mwalimu, mamlaka iliamuru kampuni ibandike kanuni ile katika kila duka. Iliibandika, kwa herufi ndogo kama mchwa, nyuma ya mlango.

Halafu meneja akapiga simu, mke wa fundi akapokea. Alitaka Panda-Shuka aje wapigwe picha wakipeana mikono, itumike kwenye matangazo.

"Nenda, baba watoto," mkewe alimsihi. "Pengine utapata kazi nyingine."

"Mwambie aanze kwa mwalimu," fundi alisema. "Apande mpaka mlangoni kwake, amwombe radhi. Kisha nitampa mkono."

Mkewe alifikisha ujumbe huo neno kwa neno. Meneja hakupiga tena, na mlangoni kwa mwalimu hajabisha hodi mtu yeyote kutoka kampuni ile.