Saa za Kupumzika za Jike Mkubwa

Miaka ya hamsini nilitunza mbwa wa kuzalishia wa meneja wa shamba la mkonge, upande wa Pongwe. Dume mmoja na majike wawili. Kazi yenyewe ilikuwa kujua lini mbwa akimbie na lini alale. Dume nilimkimbiza mpaka relini na kurudi. Jike mwenye mimba nilimtembeza taratibu asubuhi, kisha mchana kutwa apumzike kivulini. Ndugu zangu wa Chumbageni walinicheka, Mwislamu mzima kulea mbwa! Waache wacheke. Nilikuwa nawapenda wale mbwa.

Ila mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na kufanya hivyo kila sala ni kazi. Kwa hiyo tulipatana na mwenzangu bandani, Mkristo aliyeshuka kutoka milimani Amani. Asubuhi zamu yangu, na tangu adhuhuri mpaka alasiri zamu yake, ili niswali nikiwa safi.

"Nenda kaswali, Shehe," alikuwa akiniambia. "Hawa wanalala tu."

Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Jike mkubwa alipokaribia kuzaa, asubuhi moja hakutaka kuinuka. Nyayo zimechubuka, tumbo limejaa miba ya vishona nguo vya porini. Nikajilaumu kuwa namtembeza mno, nikampunguzia njia. Siku ya tatu akaharibu mimba. Meneja aliponiuliza, nilikiri kwamba kosa ni langu. Mwenzangu alisimama kando ameshika kamba ya jike. Nikafukuzwa papo hapo.

Nilipokuwa nafunga mizigo, mama wa nyumba ya pili alikuja kunipa pole.

"Baba, hata sisi tumekosa," alisema. "Mbwa mwenye mimba hafukuzishwi nguruwe mwitu kila mchana."

Nikarudi bandani mbio na kumuuliza mwenzangu kama ni kweli. Hata hakukana.

"Ningekuambiaje, Shehe? Nyama yenyewe huli."

Katika mstari wetu wa nyumba, Mwislamu nilikuwa peke yangu. Kumbe saa nilizosujudu, jike wangu alikuwa akikimbizwa mkongeni, na jioni nyama ikigawiwa nyumba kwa nyumba. Mlango wangu tu ndio walioupita, kwa kuiheshimu dini yangu.