Chupa Zilizong'aa Kupita Kiasi

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Korogwe, maana wao huongeza chumvi (ingawa, kusema haki, haihitaji).

Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa mwosha chupa katika kimaabara cha mifugo. Daktari Mhina alikuwa akiotesha seli za figo ya ndama humo chupani, kisha anaziingizia chembe za urithi za virusi kwa dawa yake, akitafuta chanjo. Mimi ni wa darasa la nne, lakini kuosha najua, au nilidhani najua.

Basi tukaambiwa wageni wanakuja kutoka vijiji vya Ujamaa vya Handeni, nikaona chupa zina ukungu, nikasema hapana, hawatatukuta hivi, nikazisugua kwa majivu na sabuni ya mche kama mama alivyonifunza masufuria, nikazisuuza mara mbili (utaratibu ulitaka mara kumi, lakini zilishang'aa, sasa kumi za nini).

Seli zikafa. Daktari akadhani dawa imezidi, akaipunguza, zikafa. Akaacha chupa nyingine bila dawa kabisa, seli za humo nazo zikafa. Hapo macho yakamgeukia Zaina, aliyetengeneza maji ya kulishia seli, mwangalifu kuliko sisi sote, akaambiwa wageni wakiondoka naye arudi kwao Mkumbara. Nilimhurumia sana. Chupa sikuziwaza hata kidogo, naapa.

Siku ya wageni mzee mmoja akauliza mbona vyombo vinameremeta hivi. Badala ya kunyamaza nikajitokeza, nikamwamkia, nikatoa hotuba.

"Majivu na sabuni, mzee, na mkono wangu huu. Hata maji sipotezi, nasuuza mara mbili tu."

Mzee akapiga makofi. Daktari hakupiga. Akapitisha kidole ndani ya chupa, akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu tuliposikia wageni wanakuja, daktari."

"Kumbe seli tulikuwa tunazinywesha sabuni," akasema Zaina taratibu, "na mimi nimeshafunga mizigo."

Wageni walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa. Nikaosha upya chupa zote mbele yao, Zaina akinihesabia kumi kumi, na safari hii seli zikaishi.

Zaina akabaki kazini. Watu husema nilijitoa kumwokoa mwenzangu, na yeye mwenyewe aliniletea ndizi kunishukuru. Nilizila, ndiyo, lakini haki isemwe: sikukiri kosa, nilikuwa najisifu. Tangu hapo nikisifiwa kazi, nauliza kwanza nimeharibu nini.