Mpini Mgumu Niliouchagua Mwenyewe

Kinu chetu cha serikali cha kusaga mahindi hapa Sumbawanga kilipouzwa, tajiri mpya alitualika makarani kucheza gofu malishoni. Mimi nilikuwa nanyemelea umeneja, nikajidai mchezo naujua. Akaniangalia nikijaribu, akanionyesha fimbo mbili za kupigia mbali.

"Mkono wako hauna kasi. Chukua hii yenye mpini laini unaopinda kidogo, ule mgumu utakutesa."

"Bosi, mimi Mfipa, nimekulia kwenye jembe. Lete huo mgumu!"

Nikainua, nikashusha kwa nguvu zangu zote. Udongo ukafumuka, ukaufukia mpira.

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kikapu kichwani akasimama.

"Pole na kazi, mwanangu. Tuta zuri hilo. Unapanda maharage?"