Mtafuta chakula wa wapiga kasia na maji baridi ya Kiomboi

Saa nne kasoro robo asubuhi, lori la ushirika linasimama Kiomboi mbele ya hoteli ndogo. Juu yake umelala mtumbwi mrefu uliofungwa kwa kamba za katani, na pembeni ya mtumbwi wamebanana vijana wanane ambao hawajatia kitu tumboni tangu jana jioni.

Manase Mkumbo, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, anateremka wa kwanza. Anafanya yale anayoyafanya kila wanaposimama mahali pa kula. Anakung'uta vumbi kwenye kofia, anazunguka nyuma ya hoteli, anachuchumaa na kuanza kuhesabu mbwa.

"Mmoja," anasema taratibu. "Mwembamba. Vizuri. Wa pili..."

Hafiki kwa wa pili. Mlango wa jikoni unafunguliwa na beseni zima la maji ya kuoshea vyombo linamwagika juu ya viatu vyake.

"Karibu, ndugu mtangulizi," anasema mwanamke mwenye beseni. "Niambie. Maji ya leo ni ya moto au ni baridi?"

Juu ya lori vijana wanacheka mpaka mtumbwi unatikisika. Manase hacheki. Anatazama viatu vyake, anatazama angani, kisha anajibu kwa heshima zote:

"Jua la Kiomboi ni kali sana, dada Yustina."

Hilo si jibu la swali aliloulizwa. Lakini Manase ndivyo alivyo, na tabia hiyo ndiyo iliyomlowesha miguu asubuhi hii.

Kwa siku za kawaida Manase ni mpima samaki. Katika kijiji cha ujamaa kilicho kando ya Ziwa Kitangiri, kila perege na kila kambale anayeuzwa na ushirika hupita kwanza kwenye mizani yake. Mshahara wake ni shilingi mia moja na arobaini kwa mwezi. Ni mgane kwa mwaka wa sita sasa, na mabinti zake wawili wameolewa.

Kazi yake ya pili haina mshahara. Kila wiki ya Sabasaba kijiji hupeleka mtumbwi wake Singida mjini kushindana katika Ziwa Singidani, na ni juu ya Manase kuhakikisha wapiga kasia wanakula mahali pazuri wakienda na wakirudi. Vijana wanamwita mtangulizi.

Cheo hicho kilizaliwa na maharage. Mwaka 1968 timu ilifika mjini na njaa, ikaingia hoteli ya kwanza iliyoonekana.

"Yalikuwa maharage ya juzi," anakumbuka Naftali, nahodha wa timu. "Kesho yake tuliongoza hadi katikati ya ziwa. Hapo wenzangu wanne wakaomba turudi, upesi. Tulikuwa wa kwanza kufika ufukweni siku hiyo, ila haukuwa ufukwe wa mashindano."

Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba safari ijayo awepo mtu wa kutangulia jikoni. Manase akachaguliwa kwa kauli moja. Mtu anayeweza kufumba macho na kukuambia samaki alivuliwa saa ngapi, walisema, hawezi kudanganywa na mchuzi.

Ameichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Ana daftari la shule lenye jalada la bluu, ambamo ameandika kila hoteli iliyoko kati ya Kitangiri na Singida. "Sokoni, supu ya mbuzi," unasomeka ukurasa mmoja. "Nzuri. Ila ilikuwa na kifungo cha shati." Chini yake ameongeza: "Mwaka uliofuata, kifungo cha pili. Shati ni lile lile."

Kanuni yake kubwa ni ya mbwa. "Mbwa wa nyuma ya hoteli akiwa mnene, maana yake wateja hawamalizi chakula," anaeleza. "Akiwa mwembamba, ingia."

"Na kama hakuna mbwa kabisa?" anauliza Andrea, dereva wa lori, ambaye ameuliza swali hilo kila mwaka.

"Kama hakuna mbwa," anajibu Manase, "mimi naagiza mboga za majani."

Tatizo lake ni moja. Hawezi kumwambia mtu kwamba chakula chake ni kibaya. "Marehemu mama alitufundisha kwamba chakula cha mtu hakisemwi," anasema. "Amekesha na moshi kwa ajili yako. Utafunguaje mdomo?"

Kwa hiyo yeye na timu wakatunga lugha yao. Manase akiingia hotelini na kunawa mikono, wote nao wanawe mikono, wale chakula. Lakini akinywa maji na kusema, "Maji ya hapa ni baridi," wote wainuke, washukuru, warudi kwenye lori. Mpishi atabaki amesifiwa maji yake, na hakuna atakayeumia.

Kulikuwa na kanuni ndogo ya nyongeza, na hiyo Manase aliitunga mwenyewe. Akishasema maji ni baridi, lolote atakalosema baadaye ni adabu tu. Wasimsikilize.

Mwaka 1970 walisimama kwa Yustina Msengi kwa mara ya kwanza. Hoteli yake ina meza mbili na mabenchi manne, na kwenye kona yenye kivuli kuna mtungi uliozikwa nusu kwenye mchanga mbichi. Mbwa walikuwa wawili, wembamba. Yustina alikuwa amechinja majogoo wawili, akasonga ugali wa uwele na kuweka mlenda pembeni.

Manase alikuwa amekula vumbi tangu alfajiri. Alichota maji ya mtungini, akanywa kata nzima, akafumba macho. Kisha, kabla hajajua anasema nini, akasema kwa moyo wake wote:

"Dada, maji yako ni baridi!"

Vijana wanane wakainuka. Wakashukuru mmoja mmoja kwa zamu, wakatoka.

"Nilibaki na majogoo wawili mezani," anasema Yustina, "wamenyoosha miguu kama wanaoniuliza, je, sisi?"

Manase alikimbilia lori akiwasihi warudi kula. Naftali anasema walimsikiliza kwa mshangao mkubwa. "Tulisema, tazama huyu mzee alivyo na adabu. Ameona chakula hakifai, lakini bado anambembelezea yule mama wateja." Wakatafuna karanga njia nzima hadi Singida, na kesho yake wakamaliza wa mwisho kati ya mitumbwi sita.

Angeweza kurudi ndani na kueleza. Alirudi. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, akasema mvua za mwaka ule zilikuwa za wastani, akaondoka.

Siri ya maji baridi haikukaa. Andrea aliifichua hapo hapo Kiomboi wiki ileile, akidhani anachekesha. Tangu hapo watu wa stendi wameibatiza hoteli hiyo Maji Baridi. Kuna abiria wanaochungulia mlangoni, wanauliza, "Mama, leo maji vipi?" na kwenda zao wakicheka.

Yustina ana miaka thelathini na saba, na amejipikia na kujilea tangu mumewe afariki. Hana ugomvi na mtu mwingine yeyote Kiomboi.

Mwaka jana timu ilikwepa hoteli yake kwa aibu, ikala kwingine, ikamaliza wa tano. Lakini Manase mwenyewe hakukwepa. Katika miaka miwili amekuja Kiomboi mara tisa, ingawa mashindano ni mara moja kwa mwaka. Anasema ni kukagua barabara. Kila mara huleta perege wawili waliofungwa kwa majani, huwaweka kwenye dirisha la jikoni na kusema jambo kuhusu hali ya hewa.

Perege hao Yustina humpa paka. Paka amenenepa mpaka hawezi kuruka benchi.

"Kwa kanuni yangu," anakiri Manase kwa huzuni, "mtu akimwona paka yule, hawezi kula hapa. Na paka yule ni kosa langu."

Asubuhi hii mambo yamekuwa mazito zaidi. Andrea, aliyekwenda kuulizia mafuta, amerudi na habari kwamba Yustina anafunga hoteli mwisho wa mwezi. Anahamia kwa kaka yake Itigi.

"Kule kuna abiria wa treni," anathibitisha Yustina akifuta mikono kwa kanga. "Wanakula, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayesifia maji."

Manase amesikia. Yuko bado nyuma ya hoteli, maji yakimchuruzika viatuni. Mbwa wa pili, mwembamba kama ufito, anamnusa suruali.

Ndani, vijana wamekwisha kuketi kwa sababu njaa haina kumbukumbu. "Shikamoo mama," wanasema wote kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Chakula kipo," anasema Yustina. "Kuku yupo, ugali upo. Lakini sipakui. Mtangulizi wenu aingie, aseme kwa mdomo wake, mbele yenu, chakula changu kina kasoro gani. Akikaa kimya, mtakula Singida."

"Mzee Manase!" anaita Naftali kwa sauti ya mtu anayezama. "Ingia useme!"

Manase anaingia akiacha nyayo za maji sakafuni. Anavua kofia. Watu wawili wa stendi wanasogea mlangoni kutazama.

"Kwa kweli," anaanza, "mwaka huu upepo..."

"Upepo uache," anasema Yustina.

Manase analigeukia daftari lake kama mtu anayetafuta msaada. Andrea analichukua mkononi mwake na kulifungua ukurasa wa kwanza. Ni karibu mtupu. Juu kabisa limeandikwa neno moja, Kiomboi, na chini yake hakuna kitu.

"Mbona hukuandika?" anauliza Yustina. Sauti imepungua ukali.

"Sikuwahi kula," anasema Manase. "Nitaandikaje mahali ambapo sijala?"

Yustina anakwenda kwenye mtungi, anachota kata moja na kumpa. Vijana wote wanane wanashika ukingo wa benchi. Manase anakunywa mpaka tone la mwisho.

"Haya," anasema Yustina. "Maji vipi?"

Watu wa mlangoni wanaingiza vichwa ndani.

"Ni baridi," anasema Manase.

Wapiga kasia wanane wanainuka.

"Kaeni!" anapiga kelele Manase. Hawakai. Kanuni ni kanuni, na aliyeitunga ni yeye. Wanasimama wamejikunja nusu kati ya benchi na mlango, macho yao kwenye sufuria ya kuku, wasijue waamini lipi.

"Kanuni nimeifuta," anasema Manase, na sasa sauti yake inasikika hadi barabarani. "Maji ni baridi kwa sababu ni baridi! Yalikuwa baridi na ile siku. Chakula hakina kasoro. Harufu yake nimeibeba miaka miwili, na sikuja mara tisa kukagua barabara."

Vijana wanaketi mmoja mmoja. Yustina ameshika mwiko, lakini hapakui.

"Ulikuja kukagua nini?" anauliza.

Manase anazungusha kofia mara moja. Anatazama dirishani kuliko na jua kali, na mtu anaweza kuona jinsi linavyomvuta. Kisha anaiweka kofia mezani.

"Yustina," anasema, na kwa mara ya kwanza hajamwita dada. "Usiende Itigi."