Mgonjwa Niliyempeleka Kibiti

Nilimpeleka mke wangu hospitali Kibiti kwa sababu alikuwa hapati usingizi. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wa nyumbani.

Nilikuwa nimestaafu jeshi mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, kwa cheo cha sajenti, nikarudi Maparoni nilikozaliwa. Mimi nililima mpunga, mke wangu akasuka mikeka, kazi aliyoijua tangu utotoni. Mwaka ule nikaanza kuona ukili wake, ule ukanda wa miyaa wa kuungia mkeka, unakwenda kombo. Anasuka kidogo, anasimama, anafumua, anarudia palepale. Macho yamevimba. Akikaa tu anasinzia, na ukimwita anashtuka. Mama mkwe alisema amechezewa, akataka tumpeleke kwa mganga. Mwalimu wa madrasa alikuja kumsomea dua, na alipomaliza akanivuta pembeni. "Dua tumeomba," akasema. "Sasa mpeleke na hospitali."

Tukapanda boti maji yalipojaa, tukashuka Nyamisati, tukachukua gari mpaka Kibiti kwa dada yake. Kesho yake hospitalini wakampima malaria, presha, sukari na damu. Vyote salama. Daktari akafunga daftari, akatuelekeza chumba cha mwisho upande wa kushoto. "Mna bahati leo ni Alhamisi," akasema. "Mwenye chumba yupo."

Mlangoni palibandikwa karatasi: Afya ya Akili. Nikasimama hapohapo.

"Mke wangu si mwendawazimu," nikamwambia muuguzi aliyetufungulia.

Alikuwa mwanamke kijana, angeweza kuwa binti yangu wa kwanza. "Shikamoo, baba," akajibu, kama vile sikusema lolote. "Karibuni mkae."

Tukakaa. Akamgeukia mke wangu. "Mama, usiku unalala saa ngapi?"

"Akishalala yeye."

"Kwa nini umsubiri?"

Mke wangu akanitazama, kisha akatazama sakafu. Akaanza kusema taratibu, kama mtu anayesoma jambo alilokwisha kulikariri. Kwamba kila usiku naizunguka nyumba mara nne, mara tano, nikishika komeo. Kwamba usingizini naamrisha watu. Kwamba siku moja alinigusa bega kuniamsha kwa sala ya alfajiri, nikamkunja mkono mpaka akalia, na asubuhi nikamuuliza mkono umefanya nini.

"Kwa hiyo nimewafundisha watoto wasimguse," akasema. "Wakitaka kumwamsha, wasimame mlangoni wapige makofi."

Makofi yale nilikuwa nayajua. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka sita, alikuwa akinipigia makofi kila nikijilaza mchana, nami nikidhani ni mchezo wake. Niliwahi hata kumpigia na mimi, tukacheka wote wawili.

Niliinuka nikatoka. Nje nikakaa kwenye ngazi karibu na tangi la maji. Nilitaka kuondoka moja kwa moja mpaka stendi, lakini mke wangu alikuwa ndani, na sikuwa nimewahi kumwacha ugenini. Nikangoja karibu saa nzima. Alipotoka, yule muuguzi alimfuata nyuma.

"Baba, leo ilikuwa zamu ya mama," akasema. "Alhamisi yoyote ukijisikia, njoo na wewe."

"Utaandika jina langu? Wakipata habari jeshini?"

"Faili linakaa kabatini kwangu. Na mpaka sasa lina jina la mama peke yake."

Tukarudi Maparoni, na mimi sikwenda. Mke wangu alikwenda peke yake Alhamisi mbili, na akirudi hakunisimulia, nami sikuuliza. Baada ya ile ya pili alichukua mto wake.

"Nimeambiwa na mie nilale," akasema. "Nitalala kwa watoto mpaka utakapokuwa tayari. Sijakukasirikia, baba watoto."

Nikamshikia mlango akapita.

Nilikuwa na rafiki Chumbi ambaye tulikwenda naye misheni ya kulinda amani nje ya nchi. Alistaafu mwaka mmoja kabla yangu, akawa analima mahindi na mpunga. Nikampigia simu nikianza na habari za mvua, habari za ngedere, habari za bei ya mbolea. Mwisho nikamuuliza kama yeye analala.

"Mie nakwenda hospitali mwaka wa pili sasa," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuuliza?"

Tukacheka, halafu hatukucheka. Alinieleza kwamba Dar es Salaam ipo hospitali wanakopokelewa wastaafu kama sisi pamoja na wake zetu, na aliyemtibu alikuwa mwanajeshi aliyesomea kazi hiyo. Kwanza nipate barua ya rufaa kutoka Kibiti. Nichukue kitambulisho cha kustaafu. "Na uende na shemeji," akasema. "Ukienda peke yako utasema hujambo, utarudi."

Alhamisi iliyofuata nilikaa mbele ya yule muuguzi, na mke wangu akakaa pembeni yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mawili matatu nipewe barua. Akaniuliza kule misheni nilikuwa nafanya kazi gani.

"Stoo," nikasema. "Mimi sikupigana. Sikufyatua risasi hata moja. Kwa hiyo sidhani kama ninayo haki ya kuja hapa."

"Stoo ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa natoa sare, buti, mablanketi. Akangoja. Nikamwambia pia kwamba mwenzetu akifariki, mimi ndiye niliyekusanya vitu vyake ili virudishwe kwao. Nilikunja nguo, nikaorodhesha kila kitu, nikafunga tranka.

Kulikuwa na kijana mmoja kutoka bara, alikuwa hata hajaoa. Nilipofungua kabati lake nikakuta kipande cha sabuni kilichotumika nusu, bado kina unywele umeganda juu yake. Kanuni za orodha hazikusema chochote kuhusu sabuni iliyotumika. Nilikaa kitandani kwake nimeishika, nikijiuliza: niitie trankani, mama yake aikute? Au niitupe? Mwisho nikaitupa. Nimefunga matranka mengine kabla yake na baada yake, lakini ile sabuni ndiyo ninayoifikiria. Naona nilimtupa yeye.

Mke wangu tumeishi naye miaka kumi na saba. Hakuwa amewahi kusikia habari ya sabuni. Hakunishika mkono, alikuwa amekwisha kujizoesha asinishike bila kunitahadharisha. Akasema kwanza, "Nakushika." Ndipo akanishika.

Barua tulipewa siku ileile.

Dar es Salaam tulikwenda kila mwezi, kisha kila baada ya miezi miwili. Dawa nilimeza miezi kadhaa, zikanikausha mdomo, nikalalamika, wakanibadilishia. Yule mshauri, mwanajeshi kweli kama rafiki yangu alivyosema, hakuniambia nisahau. Alinitaka nisimulie, polepole, tena na tena, mpaka nikaweza kufika mwisho wa habari bila kuinuka kwenye kiti. Mke wangu alikuwa anakaa chumba cha pili na wake wa wanajeshi wengine. Kutoka humo nilisikia vicheko mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Nilipomuuliza wanacheka nini, akaniambia, "Nyinyi."

Safari ya tatu au ya nne, tukirudi, basi lilipopita Mkuranga alilala. Alilala mchana kweupe, mdomo wazi, kichwa begani kwangu, mkoba umemteleza mpaka miguuni. Bega likafa ganzi. Sikulisogeza mpaka tukaingia Kibiti.

Sijapona kama mtu anavyopona malaria. Zipo wiki nzuri, na zipo siku ambazo komeo nalishika mara tatu, halafu namwambia mke wangu nimelishika mara tatu, naye ananiambia limefungwa, nami naenda kukaa. Amerudi chumbani kwetu tangu mavuno yaliyopita. Watoto tumewaeleza kwa lugha yao kwamba baba aliumia mahali pasipoonekana na anatibiwa. Mkubwa aliuliza maswali mengi. Mdogo aliuliza kama inauma sasa hivi, nikamwambia kidogo.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke kutoka kisiwa cha jirani, mwanawe yumo jeshini na amerudi likizo hasemi na mtu. Alikaa barazani na mke wangu wakisuka. Mimi nilikuwa upande wa pili napembua mpunga, nikawa nawasikia. Mke wangu alimtajia siku ya kwenda, akamwambia awahi foleni na abebe chakula, na kama mtoto hataki, aanze yeye mama.

"Na mumeo alikubali mara moja?" yule mwanamke akauliza.

"Hakukubali," mke wangu akasema. "Nilikwenda kwanza mie."