Kiingereza cha Uvunguni

Mama yangu alikuwa na Kiingereza chake kabla sijaanza kumfundisha. Alijua kikombe, sahani, samaki, daktari, mvua na jua. Kwa miaka mingi alifua na kupiga pasi nguo za wageni katika nyumba za kupangisha huku Malindi, na kwa kuwa wageni wengi wa mji wetu ni Wataliano, Kitaliano chake kilikuwa kirefu kuliko Kiingereza. Bahati mbaya mjukuu wake hakuzaliwa Italia. Kaka yangu alihamia Uingereza, akaoa huko, na binti yake alifikia umri wa kwenda shule akiwa na Kiswahili cha maneno mawili tu, “bibi” na “asante”.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana kaka alitupigia simu ya video. Mama alimuuliza mtoto hali, mtoto akajibu ni mzima. Mama akamuuliza kama amekula, mtoto akasema amekula. Hapo mazungumzo yalikwisha. Walibaki wakitazamana na kutabasamu mpaka mama ananipa simu na kujifanya anarekebisha leso yake.

Siku tuliyoambiwa kwamba mtoto ataletwa likizo, mama alinifuata jikoni.

“Mwanangu, weye si mwalimu wa Kiingereza?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi nifundishe.”

Nikamwambia tutaanza na majina ya vitu vya nyumbani. Akatikisa kichwa.

“Majina ninayo. Nikikosa jina nitanyoosha kidole. Nataka vile vineno vidogo vidogo anavyovitia katikati. Mtoto akisema, maneno makubwa nayasikia yakipita, lakini yale madogo yananiponyoka. Na bila hayo sijui sahani iko juu ya meza au meza iko juu ya sahani.”

Mimi nafundisha shule ya sekondari kule Ganda, nje kidogo ya mji, na nilimwanzia mama kama ninavyowaanzia wanafunzi wangu. Tuliketi uani, yeye na ungo wa mchele mapajani, mimi na kitabu.

“Kuna viunganishi, kuna vielezi, na kuna vihusishi,” nilisema. “Kihusishi huonyesha uhusiano.”

“Uhusiano wa nani na nani?”

“Wa paka na kabati, kwa mfano.”

“Hawa hawana uhusiano wowote,” mama alisema, akatoa jiwe kwenye mchele na kulitupa.

Nikafunga kitabu. Tukatumia nyumba yenyewe, na hapo akaenda mbio. “In” aliijua, “on” aliishika mara moja, “under” aliipenda kwa sauti yake. Matatizo yalianza vineno hivyo vilipoacha kutembea kimoja kimoja. Paka alikuwa amepanda kabatini, nami nikasema kwa Kiingereza kama asemavyo Mwingereza mwenyewe: “The cat is up on top of the cupboard.”

Mama aliyahesabu maneno hayo kwa vidole.

“‘Up’ ni juu,” alisema. “‘On’ nayo ni juu. Na ‘top’ ni juu vilevile. Paka mmoja, juu ngapi?”

“Ndivyo wasemavyo, mama.”

“Najua ndivyo wasemavyo. Nakuuliza kwa nini.”

Wanafunzi wangu huandika ninachoandika ubaoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilizunguka na swali lile siku nzima, hata nilipokuwa nikiosha vyombo, na kesho yake nilimletea nilichopata: “up” humwambia msikilizaji ainue macho, “on” humwambia kwamba nyayo za paka zimegusa kitu, na “top” humwonyesha ni upande gani wa kitu hicho. Kila kineno na kazi yake.

Mama aliridhika. “Kumbe ni kama kumwelekeza mtu njia. Humwambii tu nyumba iko kule. Unamwambia apande kilima, apinde, kisha abishe hodi.”

Kuanzia siku hiyo tulielewana. Nilimwonyesha kwamba kitenzi chetu hujibebea mzigo wake mwenyewe. Ukisema “ingia”, umemaliza. Mwingereza husema “go”, kisha hutafuta “in”. Akitaka kutoka, hutumia “go” ileile na kuitafutia “out”. Akipanda, akishuka, akirudi, ni “go” tu, na kineno kingine nyuma yake.

“Kitenzi chao kivivu,” mama alisema. “Kina watumishi wengi.”

Kisha akaniuliza habari za uvungu. Kitanda chake ni cha zamani, kirefu, na chini yake mna mikeka, makasha na mikoba ya kila namna. Alitaka kujua Waingereza wanapaitaje mahali pale. Nikamwambia hawana jina, husema tu chini ya kitanda.

“Na mtu akitoka uvunguni?”

“Comes out from under the bed.”

“Maskini,” alisema mama, akiwaonea huruma watu wa taifa zima.

Lakini maneno yale yalimnasa. Wiki ile alifagia akisema “out from under”, akakuna nazi akisema “out from under”, hata jirani yetu akachungulia mlangoni kuuliza kama mama ameanza uradi mpya. Kutoka hapo tukaingia kwenye vineno vya kuunganishia maneno, “and then”, “but then”, “even so”. Alichokipenda kuliko vyote ni “and then”. Alisema kinampa mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

Mtoto alikuja. Alikuwa mpole, mwembamba, na alishika mkono wa baba yake tangu asubuhi mpaka jioni. Mama alimsalimu kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi, mtoto akajibu kwa adabu, na kwa siku za mwanzo sikuona tofauti kubwa na zile simu za Jumamosi. Nilijua mama amevunjika moyo kidogo.

Kisha kaka alilazimika kwenda Nairobi kushughulikia pasipoti yake. Aliondoka alfajiri bila kumwamsha mwanawe, akidhani ndiyo njia rahisi. Mtoto alipoamka alizunguka nyumba nzima, akatoka uani, akarudi ndani, halafu tukaona kimya. Tulimtafuta kila mahali. Mwishowe mama aliinama kando ya kitanda chake na kuona vidole vya miguu nyuma ya mikeka.

Akasimama wima, akakohoa kidogo kusafisha koo.

“Come out from under there.”

Kila neno lilikaa mahali pake. Nilijawa na fahari ya ualimu. Kutoka uvunguni ikaja sauti ndogo:

“No.”

Mama alinitazama. Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nilitaka kuingilia na Kiingereza changu cha shule, lakini aliinua mkono kunizuia. Akajifunga leso kiunoni, akasema bismillahi, akapiga magoti, akalala kifudifudi sakafuni na kujisukuma ndani mpaka zikabaki nyayo zake tu nje.

“I am in under here too,” nilimsikia akisema.

Niliketi chini karibu na mlango. Kisha mtoto akasema kwamba baba ameondoka bila yeye.

“And then?” aliuliza mama kwa upole.

Mtoto akasema aliamka na hakumkuta.

“But then?”

Akasema alimtafuta jikoni, na uani, na hata nyuma ya matangi ya maji.

“Even in the kitchen?”

“Even in the kitchen,” mtoto alisema, akaanza kulia.

Mama hakumnyamazisha. Alingoja, na kilio kilipopungua akamwongezea “and then” nyingine, na mtoto akaendelea. Alisimulia mambo mengi, ya ndege, ya joto, ya mwalimu wake, ya mama yake aliyebaki Uingereza, ya paka wetu asiyetaka kubebwa. Baadaye mama aliniambia hakuelewa hata nusu. Alisikiliza sauti tu. Alipoona imefika ukingoni, aliisukuma kwa kineno.

Ilipotulia kabisa, mtoto alianza kuuliza ndani ya makasha mna nini. Mama akamwambia ni vikombe vya kahawa, na wakatambaa kuviangalia. Mtoto akatoka akiwa amebeba vikombe viwili. Mama akajaribu kumfuata, akashindwa. Bega lilikuwa limenasa kwenye ubao wa kitanda.

“Bibi,” alisema mtoto kwa ukali, mkono kiunoni, “come out from under there!”

Mama alicheka mpaka nguvu zikamwisha. Ikabidi mimi niinue kitanda kwa upande mmoja huku mtoto akimvuta bibi yake mikono miwili. Alitoka na utando wa buibui kichwani, na vumbi kidevuni, akicheka bado. Mahamri yalikuwa yameshapoa na mbaazi pia, lakini mtoto alikula asubuhi ile bila kubembelezwa.

Tangu hapo hawakuachana. Waliandamana sokoni, walitembelea majirani, walipika visheti pamoja na kuunguza nusu yake. Kaka alipopiga simu kutoka Nairobi, mtoto alituma ujumbe kwamba ana shughuli.

Kaka aliporudi, tulikuwa mezani kwa chakula cha jioni. Akamwambia mwanawe aende akalale.

“Although I am tired,” mtoto alisema, “but I am not sleeping.”

Kaka akanigeukia. “Nani amemfundisha hivi?”

Mimi nilijua. Kiswahili chetu husema “ingawa nimechoka lakini silali” na hakuna anayekasirika. Kiingereza hakitaki viunganishi hivyo viwili katika sentensi moja, na kule Ganda nimeikata “but” hiyo kwa kalamu nyekundu miaka na miaka. Mama alitutazama sote wawili.

“Kosa liko wapi?” aliuliza. “La kwanza linafungua mlango, la pili linaufunga.”

Nikamwongezea mtoto wali.

Walirudi Uingereza likizo ilipokwisha, na katika uwanja wa ndege walilia bibi na mjukuu, na kaka naye, ingawa yeye alisema ni vumbi. Siku hizi simu ya Jumamosi ikilia mama huichukua yeye mwenyewe na kutoka nayo uani, na mimi siitwi. Jumamosi iliyopita nilipita na beseni la nguo nikamkuta anabishana na mtoto kuhusu jambo la mvua, kama ni lazima mtu avae koti au la. Nilisimama kusikiliza kidogo. Akanipungia mkono niendelee na safari yangu. Nikaanika shuka zote na leso zake tatu. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa mzuri, nazo zilikauka kabla hawajaagana.