Injini ya Jirani

Mke wangu alinikataza kugusa mashine mpaka mkono wa kulia niliouunguza upone. Nikaahidi kukaa nyumbani, kazi ninayoiweza kuliko zote. Asubuhi hiyo hapa Mkunya, jirani alikuwa anapulizia mikorosho yake dawa ya salfa, na injini ya mashine yake ilikuwa inakohoa. Nikakaa, nikasimama, nikahamisha kiti, nikakirudisha.

"Baba watoto, kiti kina siafu?"

"Kabureta imeziba."

"Jirani amekuita?"

"Hajaniita."

Hilo liliniuma kuliko kidonda. Watu huniamkia "shikamoo fundi", na bila bisibisi sijui wanamwamkia nani.

Injini ikazimika kabisa. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na bisibisi.

"Nenda. Ila afungue yeye, wewe uongee tu."

Nilipofika kwa jirani, tayari nilikuwa nimeishika bisibisi kwa mkono wa kushoto, nifungue mwenyewe.